Kanula inayosafiri na mgonjwa: nani anaiangalia kutoka wodini hadi Kidugala?

Na Mwandishi Wetu, Njombe

MZEE aliyeshuka kwenye basi katika stendi ya Makambako alasiri ile alikuwa mjomba wangu. Alivaa koti zito na kofia ya sufu, kama wavaavyo wazee wengi wa nyanda hizi za baridi, na mkono wa kushoto ameuficha ndani ya koti. Nilidhani ni baridi. Tulipoketi kusubiri gari la kutupeleka Kidugala ndipo alipoutoa mkono, nikaona plasta iliyochakaa juu ya mgongo wa kiganja, na katikati yake kimfuniko kidogo chenye rangi ya waridi.

"Mjomba, hiki wamekiacha makusudi?" nilimuuliza.

"Kuna sindano mbili za kumalizia. Wamesema nikifika nyumbani muuguzi atanichoma kwa hapa hapa, halafu atakitoa."

Dawa zenyewe alikuwa nazo mfukoni, vichupa viwili ndani ya bahasha ya khaki. Karatasi ya kuruhusiwa ilieleza jina la ugonjwa, jina la dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Kuhusu kile kilichobaki mkononi hapakuwa na neno hata moja: kiliwekwa lini, kitolewe lini, wala atakitoa nani. Kwa hesabu ya mjomba mwenyewe, aliyehesabu kwa kukumbuka siku ambazo shangazi alimletea uji, hiyo ilikuwa siku ya tano.

Usiku ule alipata homa na kutetemeka. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliamshwa. Akakagua mkono kwa mwanga wa simu, akatikisa kichwa, akanawa, akaichomoa. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye kiganja hadi karibu na kiwiko, mshipa umekuwa mgumu kama kamba, na tundu lilitoa tone la usaha. Kulipokucha tulirudi hospitali, akalazwa tena. Nimonia iliyompeleka huko mara ya kwanza ilikuwa imepona. Kilichomrudisha ni kipande cha plastiki kisichozidi urefu wa sentimita tatu na nusu.

Hayo yalitokea miaka michache iliyopita, na si lengo la makala haya kuitaja hospitali iliyohusika. Lengo ni kuuliza swali ambalo kisa hicho kililiacha wazi. Mgonjwa anapotoka wodini akiwa na mrija ndani ya mshipa wake, mrija huo ni wa nani? Daktari aliyeagiza uwekwe amebaki na wagonjwa wengine. Muuguzi aliyeuweka amemaliza zamu. Wa kijijini hajui kama upo. Na mwenye mkono anaamini kwamba wenye elimu yao wameona unafaa kubaki.

Kidugala, kata ya Wilaya ya Wanging'ombe, si mahali pasipofikiwa na huduma. Ni kituo cha siku nyingi cha Walutheri, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani, na shule yake imesomesha wengi. Katika wilaya hiyo hiyo ipo Hospitali ya Ilembula, Makete kuna Ikonda, mjini Njombe kuna Kibena, na kwa rufaa za juu zaidi barabara kuu ya Zambia inampeleka mgonjwa Mbeya. Tatizo ninalolizungumzia halitokani na ukosefu wa majengo. Linatokea katikati ya majengo hayo, ndani ya mabasi, ambako mgonjwa hana faili wala wa kumwangalia.

Heshima ya dripu

Ni vema kwanza tukaelewa kitu chenyewe. Wengi huamini kwamba ndani ya mkono wao imebaki sindano. Sivyo. Sindano ya chuma hutumika kuufungua mshipa tu, kisha huchomolewa, na kinachobaki ni mrija laini wa plastiki. Rangi ya kimfuniko chake si urembo. Ni lugha inayofahamika karibu dunia nzima. Njano ni ya watoto wachanga, bluu ni ya watoto na wazee wenye mishipa myembamba, waridi ni ya mtu mzima wa kawaida, na kijani ni ya anayeongezewa damu au anayekwenda chumba cha upasuaji. Kijani hupitisha maji mara mbili hadi tatu ya bluu kwa dakika moja. Yako makubwa zaidi, ya kijivu na ya chungwa, kwa ajili ya majeruhi anayevuja damu, na barabara kuu ipitayo Makambako inawafahamu majeruhi wa namna hiyo.

Ni kifaa kilichookoa watu wasiohesabika. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha, mgonjwa wa malaria kali asiyeweza kumeza, wote hao uhai wao hupitia hapo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaolazwa huwekewa mrija wa namna hii wakati fulani wakiwa hospitalini.

Lakini hapa kwetu kifaa hiki kimepata pia heshima isiyo ya kitabibu. Jirani akiuliza hali ya mgonjwa na akajibiwa kuwa "ametundikiwa dripu", roho hutulia. Ina maana anatibiwa. Akiambiwa amepewa vidonge arudi nyumbani, ndugu huanza kunong'ona kwamba hospitali ile haina dawa. Sindano ina cheo kuliko kidonge, na dripu ina cheo kuliko sindano. Daktari kijana anayejua kwamba mgonjwa wake anaweza kumeza dawa ileile, na ikafanya kazi ileile, hujikuta akibishana na ukoo mzima uliopanga foleni mlangoni.

Matokeo yake ni kanula zinazokaa mkononi bila kazi. Imewekwa siku ya kwanza kwa ajili ya dharura, dharura imepita, dawa zimebadilishwa kuwa vidonge, nayo bado ipo, "isije ikahitajika". Nani hajapata kuiona wodini? Kila saa inayokaa bila kazi ni mlango uliofunguliwa kwenye ngozi, usio na anayeingia wala kutoka isipokuwa vijidudu.

Mshipa unavyolalamika

Mshipa una njia chache za kusema kwamba umechoka, na zote zinaonekana kwa macho au kuhisiwa kwa kidole. Kwanza ni maumivu na wekundu kuzunguka tundu. Kisha uvimbe, joto, na mshipa kuwa mgumu ukipapaswa. Wauguzi huita hali hiyo kuvimba kwa mshipa, na husababishwa na mambo matatu ambayo mara nyingi hushirikiana: mrija kusuguasugua ukuta wa mshipa kwa sababu haukufungwa vizuri au umewekwa kwenye kiungo kinachokunjwa, dawa kali kuunguza ukuta huo, na bakteria, hasa wale wanaoishi kwenye ngozi zetu, kuuteremkia mrija na kujijengea utando ambao dawa haiupenyi kirahisi.

Bakteria hao wakiingia kwenye mkondo wa damu, habari inabadilika kabisa. Homa na kutetemeka kama kwa mjomba ndiyo dalili. WHO inaeleza kwamba kati ya mwaka 2000 na 2018, katika wagonjwa waliopata sepsisi iliyotokana na huduma za afya zenyewe, wastani wa asilimia 24.4 walifariki, na kwa waliokuwa katika vyumba vya uangalizi maalumu idadi ilifika asilimia 52.3. Si sepsisi zote hizo zilianzia kwenye kanula, lakini mrija ndani ya mshipa ni miongoni mwa milango yake inayofahamika.

Ipo hatari nyingine ambayo haina bakteria ndani yake: dawa kuvuja nje ya mshipa. Maji ya kawaida yakivuja mkono huvimba, kisha hunywea. Glukosi nzito ya asilimia 50, ile anayopewa mgonjwa aliyeishiwa sukari ghafla, ikivuja inaweza kuua nyama na ngozi. Baadhi ya dawa za saratani ni kali kuliko hiyo. Vinkristini na doksorubisini, ambazo hutumika pia kutibu saratani ya ngozi ya Kaposi inayowapata watu wenye VVU, zikitoka nje ya mshipa zinaweza kuacha kidonda cha miezi. Kanuni ni kusimamisha dawa mara moja, kuvuta kwa bomba kilichosalia kabla ya kuchomoa, kisha kukanda kwa joto ikiwa ni vinkristini na kwa baridi ikiwa ni doksorubisini. Akikosea kati ya hayo mawili, mhudumu anaongeza madhara badala ya kuyapunguza.

Nataja VVU kwa sababu tunazungumzia Njombe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi mkoani humo ni asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Hilo lina maana mbili katika suala hili. Ya kwanza ni usalama wa anayechomoa: kanula iliyotolewa nyumbani ina damu, na mara nyingi hutupwa shimoni au jikoni motoni na mtu asiye na glovu.

Ya pili haizungumzwi sana. Mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi, na tiba yake ya muda mrefu imekuwa amfoterisini, dawa ambayo wauguzi wanaifahamu kwa kuharibu mishipa. Zamani mgonjwa alitundikiwa dawa hiyo kila siku kwa wiki mbili. Siku ya nane muuguzi anatafuta mshipa kwenye mguu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa ACTA, uliofanyika Tanzania, Malawi, Zambia na Cameroon kwa wagonjwa zaidi ya 700, ukionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini inatosha. Miaka minne baadaye ukaja utafiti wa AMBITION, uliohusisha Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, ukathibitisha kwamba dozi moja kubwa ya aina mpya ya amfoterisini, ikifuatiwa na vidonge, haizidiwi na tiba ya wiki nzima, na madhara yake ni machache. WHO iliipitisha mwaka huohuo wa 2022.

Kwa mtaalamu hizo ni habari za fangasi. Kwa mwandishi huyu ni habari za mshipa: dripu saba zimekuwa moja. Njia ya uhakika ya kuepuka madhara ya mrija ni kutouhitaji, na sayansi inapotoa nafasi hiyo inafaa tuipokee haraka kuliko tunavyopokea mashine mpya zenye kukatiwa utepe.

Kanuni ya siku tatu

Kwa miaka mingi wanafunzi wa uuguzi walifundishwa kwamba kanula ibadilishwe kila baada ya saa 72, au zikizidi sana saa 96. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Queensland, Australia, uliowafuatilia wagonjwa 3,283. Nusu walibadilishiwa kwa ratiba, nusu walibadilishiwa pale tu dalili zilipojitokeza. Waliovimba mshipa walikuwa asilimia 7 katika kila kundi. Hospitali nyingi duniani zikasema: basi hakuna haja ya kumchoma mgonjwa bure.

Ukiishia hapo, utadhani kwamba mjomba hakukosewa kwa kukaa na kanula siku tano. Lakini hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, zilifanya mabadiliko hayo hayo mwaka 2018, zikaacha ratiba na kutegemea dalili, kisha zikahesabu. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021, uliohusu kanula zaidi ya 400,000, ulikuta maambukizi ya mkondo wa damu yameongezeka. Wakarudi kwenye ratiba.

Nimezisoma tafiti hizo mbili pamoja na sioni kama zinapingana. "Tutaitoa dalili zikijitokeza" ni sentensi yenye mtu ndani yake: lazima awepo anayeangalia dalili. Katika utafiti, mtu huyo analipwa, ana fomu, na anapita kila siku. Katika wodi ambamo muuguzi mmoja wa usiku ana vitanda vingi kuliko anavyoweza kuvizungukia, mtu huyo hayupo. Na ndani ya basi la kwenda Makambako hayupo hata wa nusu saa. Kwa mazingira hayo kanuni ya siku tatu, hata kama sayansi yake ina walakini, ina fadhila moja kubwa: inahitaji kalenda tu.

Mei 2024 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu kuzuia maambukizi yatokanayo na mirija ya mishipa midogo, wenye kauli 14 za utendaji mzuri na mapendekezo 23. Anayetarajia kukuta humo teknolojia ngeni atavunjika moyo. Kunawa mikono, kusafisha ngozi na kuiacha ikauke, kufunga vizuri, kuangalia mara kwa mara, kutunza kumbukumbu, kutoa mrija usiohitajika. Muuguzi mstaafu wa Kidugala angeweza kuyasema hayo bila kwenda Geneva.

Na ushahidi kwamba mambo haya madogo yana nguvu upo tangu mwaka 2006. Mwaka huo Daktari Peter Pronovost wa Johns Hopkins na wenzake walichapisha matokeo kutoka vyumba vya uangalizi maalumu zaidi ya 100 katika jimbo la Michigan, Marekani. Hao walishughulika na mirija mirefu inayofika karibu na moyo. Walichofanya ni kuwataka wahudumu wafuate hatua tano: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa na kujifunika wenyewe wakati wa kuweka, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena, na kuutoa mrija usio na kazi. Muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Maambukizi yalipungua kwa hadi asilimia 66 na kubaki chini kwa mwaka mmoja na nusu. Ninaamini hatua iliyokuwa ngumu kuliko zote haikuwa miongoni mwa zile tano. Ilikuwa ni hiyo ya muuguzi kumwambia daktari "simama". Hapa kwetu ingekuwa ngumu zaidi.

Mrija wa shingoni

Kanula ya mkononi ndiyo inayowagusa wengi, lakini ipo mirija mingine ambayo sasa imeanza kusafiri kwenda vijijini, na ikiharibika huko haitoi nafasi ya kusubiri kulipokucha.

Historia yake ilianza kwa utundu. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, katika mji wa Eberswalde, alijipenyeza mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Alionekana mwendawazimu, mwaka 1956 akashiriki Tuzo ya Nobel. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa mirija yote inayoingilia shingoni, kifuani au mkononi na kuishia karibu na moyo.

Kwetu anayetoka nayo hospitali mara nyingi ni mgonjwa wa figo. Tanzania imepiga hatua katika tiba hiyo. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Lakini wanaopandikizwa ni wachache, na waliobaki huishi kwa kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili au tatu kwa wiki. Mashine inahitaji damu nyingi itoke na kurudi kwa kasi, kazi isiyowezwa na mshipa wa kawaida.

Njia bora ya kuifanya kazi hiyo ilibuniwa New York na kutangazwa mwaka 1966: daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena za mkononi ili vena ipanuke na kuimarika. Kitaalamu huitwa fistula, jina ambalo msomaji wa Tanzania hulihusisha na madhila ya akina mama baada ya uzazi pingamizi. Hii ni nyingine kabisa, ya kutengenezwa kwa makusudi, na ni rafiki wa mgonjwa. Ikikomaa hudumu miaka, na maambukizi yake ni machache mno kuliko ya mrija.

Kasoro yake ni kwamba haikomai kwa siku moja. Inahitaji wiki sita au zaidi. Kwa hiyo inamfaa anayejua mapema kwamba figo zake zinaelekea kushindwa. Mwenye shinikizo la damu au kisukari ambaye hakuwahi kupimwa, anayefika akiwa amevimba mwili mzima na hawezi kupumua, huwekewa mrija wa shingoni siku hiyohiyo. Mrija ambao ungekuwa wa muda unageuka wa miezi. Akipata homa na kutetemeka mara tu mashine inapowashwa, mrija ndio mtuhumiwa wa kwanza.

Hapo ndipo kanula ya mjomba na figo za mtu mwingine zinapokutana. Vena za mkono usiotumika kuandikia ndizo daktari atakazohitaji kutengenezea fistula. Kila kanula inayoachwa hadi ikauvimbisha mshipa, hasa kati ya kiganja na kiwiko, inakula akiba hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayelazwa leo kwa jambo dogo anayo haki ya kusema: naomba mgongo wa kiganja, au mkono mwingine. Sijapata kusikia mgonjwa akiambiwa kwamba ana haki hiyo.

Anayerudi nyumbani na mrija wa shingoni au kifuani anapaswa kujua mambo ambayo hayahitaji shule. Bandeji isiloane, kuoga ni kwa kitambaa, si kwa kujimwagia maji kichwani. Mrija haukatwi kwa mkasi wala wembe kwa sababu yoyote. Kifuniko kikichomoka, klipu yake ifungwe au mrija ubanwe kwa vidole upande ulio karibu na mwili, kwa maana hewa inaweza kuingia na kufika moyoni. Mgonjwa alazwe kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini, na gari litafutwe. Mrija wote ukitoka, pagandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia hadi afike kwa mhudumu. Homa ya mtu mwenye mrija wa namna hii haitibiwi kwa panadoli na kungoja.

Mistari miwili kwenye karatasi

Tukirudi kwenye stendi ya Makambako, nini kingebadilisha safari ya mjomba? Bajeti mpya isingehitajika. Kwanza, sindano zile mbili zingeweza kuwa vidonge. Pale mgonjwa anapoweza kumeza, hatapiki, na homa imeshuka, nimonia nyingi humaliziwa kwa mdomo. Kama vidonge havikufaa, angebaki wodini siku moja zaidi. Lakini siku ya wodini ina gharama, na ni kweli kwamba mara nyingine ni sisi ndugu tunaosukuma mgonjwa wetu aruhusiwe, kisha tunalaumu kwamba ametoka mapema. Hilo nalikiri, kwa kuwa shangazi na mimi tulikuwa miongoni mwa waliosukuma.

Na kama ilikuwa lazima kanula isafiri, karatasi ya kuruhusiwa ingekuwa na mistari miwili: imewekwa tarehe fulani, mkono fulani, itolewe kabla ya tarehe fulani, kwenye kituo fulani, ambacho kimeshapigiwa simu. Fomu nyingi za rufaa nilizopata kuziona zina nafasi ya kabila na dini ya mgonjwa. Nafasi ya kifaa kilichobaki ndani ya mwili wake sijaiona.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao ndio watakaokuwa jirani na mgonjwa kuliko daktari yeyote. Mafunzo yao yamejaa mambo mengi, na kila mwenye hoja anataka ya kwake iongezwe. Naogopa kuwa mmoja wao. Hata hivyo, swali moja la kumuuliza aliyetoka hospitali wiki hii, "umerudi na kitu chochote kwenye mshipa?", linatumia sekunde tano. Akijibu ndiyo, kinachofuata ni kukiangalia na kumpeleka zahanati, si kukichomoa jikoni.

Kuna watakaosema kwamba hospitali zenye upungufu wa wauguzi zisibebeshwe fomu zaidi. Ni hoja nzito, na ndiyo maana sipendekezi fomu mpya. Lakini kazi iliyookolewa kwa kutoandika mistari ile miwili ililipwa baadaye: kitanda kilekile, siku kumi, dawa za mshipani za bei kubwa kuliko zile za mwanzo, na wauguzi walewale.

Mwaka uliopita mjomba alilazwa tena, kwa ngiri, katika hospitali nyingine. Mshipa wa mkono wa kushoto haukurudi. Umebaki uzi mgumu chini ya ngozi, na muuguzi baada ya kuupapasa aliuacha, akahamia mkono wa kulia. Siku ya kuruhusiwa nilimkuta amekaa kitandani amevaa koti lake, amekunja mkono wa shati, ameshika pamba juu ya tundu. Alikataa kuteremka kitandani mpaka muuguzi aandike kwenye karatasi kwamba kanula imetolewa, na saa.